Sauti Kuu, Sauti Kubwa na Kelele

Mwingereza ana neno moja la kuisifia sauti isikikayo mbali, naye hulitumia kwa radi, kwa ngoma, kwa mhubiri, na kwa mlevi pia. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Chenyewe huuliza kwanza: sauti hii ni ya nani, tena yapendeza au yaudhi? Kwa hiyo afasiriye kwa kufuata kamusi tu aweza kulipata neno na kuikosa maana.

Natuanze na sauti kuu. Sifa hii ya -kuu haipimi ukubwa peke yake. Ina cheo ndani yake, kama tuonavyo katika mji mkuu na sikukuu. Ndiyo sababu yawafaa malaika wa Kitabu cha Ufunuo katika Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Methali nayo yashuhudia: kimya kingi kina mshindo mkuu, mshindo huo si wa sufuria iangukayo, bali wa jambo zito lijalo. Lakini mwuza samaki hanadi kwa sauti kuu. Hunadi kwa sauti kubwa. Mwanafunzi akiandika kwamba mama alimwita mtoto kwa sauti kuu aje ale, wasomaji watacheka, nao wana haki.

Kelele ni jambo jingine, maana neno hili mara nyingi huchukua lawama. Watoto wawili wakinong'ona nyuma ya darasa, mwalimu huwaambia wanapiga kelele, ijapokuwa sauti yao ni ndogo. Vigelegele vya arusi, kwa upande mwingine, husikika hata mtaa wa pili, wala hakuna aviitaye kelele, ila jirani mwenye kijicho. Aliyevamiwa na mwizi hupiga kelele pasipo kulaumiwa, ni kweli. Lakini hata hapo yowe ni neno lililo wazi zaidi.

Hasara ya kuyachanganya maneno haya huonekana hasa shuleni. Kusoma kwa sauti ni kutamka, kinyume cha kusoma kimya. Kusoma kwa sauti kubwa ni kusoma hata wa mwisho asikie. Kupaza sauti ni kuiongeza ile iliyo hafifu. Mambo haya ni matatu, lakini walimu wengine huyaunganisha katika amri moja: "Soma kwa nguvu!" Kumwita mtu wa ng'ambo ya mto kwa nguvu ni Kiswahili safi, bali mtoto mwenye kitabu, akiisha kuambiwa hivyo, hukaza shingo na kuzitwanga silabi moja moja, asijue alichokisoma. Tusimlaumu; ameombwa nguvu, naye ametoa nguvu.

Kadhalika katika kwaya. Mwalimu akitaka "sauti ya juu", wengine hupandisha tuni, na wengine huongeza ukubwa wa sauti. Lugha yetu ilikwisha kuyatenga hayo zamani: sauti nyembamba na sauti nene ni habari za tuni, sauti kubwa na sauti ndogo ni habari za kusikika.

Shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili: kabla ya kumwamuru mtoto, tuamue kwanza twataka atamke, asikike, au aongeze. Maneno yote matatu tunayo, na mtoto huyaelewa yote.