Mvinyo wa Bourgogne Hupimwa kwa Mate

Anayeonja mvinyo mwekundu wa Bourgogne, Ufaransa, kwa mara ya kwanza huona rangi hafifu, akadhani umetiwa maji. Asiwe na haraka. Zabibu yake ni Pinot Noir, tunda lenye ganda jembamba lisilo na rangi nyingi. Rangi hainiambii mengi. Mimi nafuata mate.

Nanusa glasi ikiwa imetulia, naizungusha, nanusa tena. Kisha nachukua funda dogo, nalipitisha kinywa kizima, natema. Kazi yenyewe ndiyo inaanza hapo. Uchachu huita mate, yakachuruzika kutoka chini ya ulimi. Ukakasi huyakausha: tanini za maganda na mbegu hunasa protini zilizomo kwenye mate, fizi zikawa kama za mtu aliyeng'ata bibo bichi. Mwaka mzuri ni ule ambao viwili hivi vinavutana na hakuna kinachomwangusha mwenzake.

Chukua 2003. Joto kali liliikumba Ulaya, na Bourgogne wakavuna Agosti, wiki kadhaa kabla ya desturi. Joto la namna hiyo huunguza tindikali ndani ya tunda huku sukari ikipanda, hata wakulima wakaruhusiwa kuongeza tindikali kwenye mvinyo. Mingi ya mwaka ule hujaza kinywa utamu wa matunda yaliyopikwa, kama jamu. Utamu huo unadanganya. Subiri kidogo: mate hayaji, ukakasi unabaki peke yake.

Mwaka 2010 ulianza vibaya. Baridi na mvua za Juni ziliharibu maua, vichala vikatoka na punje ndogondogo, mavuno yakapungua. Lakini punje ndogo ina ganda jingi kwa maji machache, na kiangazi kisicho na joto kali kilitunza uchachu mpaka zabibu zilipochumwa Septemba. Onja mvinyo wa mwaka huo kutoka Volnay, kijiji cha Bourgogne, ukiwa kwenye nyuzi 16 hivi. Ukipata joto zaidi, pombe hupanda puani na kufunika kila kitu. Kwanza inakuja cheri, halafu harufu ya udongo uliolowa, na ukakasi wake ni laini kama unga uliochekechwa.

Nikishatema, nahesabu kimoyomoyo. Ladha ya 2003 hukatika kabla sijafika kumi. Kwa 2010 nafika ishirini, na mate bado yanakuja.