Hondohondo wa Amani: matunda yake yalihesabiwaje?

Katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mara nyingi hondohondo husikika kabla ya kuonekana. Manyoya yake makubwa ya kurukia hayakuzibwa vizuri kwenye mashina, basi kila akipiga mabawa hewa hupita katikati kwa mvumo unaofika mbali.

Mvumo huo hautoshi kumtambua, kwa kuwa milima hiyo ina hondohondo wakubwa wa aina mbili: wa mashavu ya fedha (Bycanistes brevis) na tarumbeta (Bycanistes bucinator). Wengi hukimbilia kutazama ile pembe iliyo juu ya mdomo. Inapotosha. Dume aliyekomaa wa mashavu ya fedha anayo kubwa, ya rangi ya maziwa, lakini ya jike ni ndogo zaidi na kinda karibu hana. Anza na tumbo. La tarumbeta ni jeupe kuanzia chini ya kifua, ilhali mwenzake ni mweusi mpaka karibu na mapaja. Wakiruka, bawa la tarumbeta lina ukingo mweupe kwa nyuma. La mashavu ya fedha, ukilitazama kwa juu, ni jeusi tupu. Tarumbeta pia hulia kama mtoto mchanga.

Kujua hondohondo wa mashavu ya fedha anakula nini ni kazi ngumu zaidi, maana hula juu kabisa ya miti. Reginald Moreau na mkewe Winifred, walioishi Amani, waliona kwamba jibu liko kwenye kiota, na mwaka 1941 walichapisha maelezo ya uzazi wa ndege huyu. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa tope. Dume humeza udongo, akautapika ukiwa vidonge vilivyolowa mate, na jike huutumia kuziba mlango hadi ubaki ufa mwembamba. Tangu hapo chakula chote hupitia ufa huo. Dume hufika koo limejaa, hutapika tunda mojamoja hadi ncha ya mdomo na kulipenyeza ndani. Mwenye darubini na subira anaweza kuhesabu.

Ndipo ilipotoka hesabu inayonukuliwa sana: dume mmoja, siku 120, safari 1,600, matunda 24,000. Isomwe kwa uangalifu. Hakuna aliyeyahesabu yote 24,000. Ni makadirio ya wastani wa matunda 15 kwa safari, na safari kama 13 kwa siku. Hata hivyo nayaamini, kwa sababu njia yenyewe iko wazi na yeyote anaweza kuirudia.

Mbegu zinazodondoka chini ya kiota nazo hutaja miti ambayo matunda yake yaliliwa. Zisichoonyesha ni mbegu zilizoangushwa kwingine, na hapo ndipo penye uzito. Maesopsis eminii, mti ulioletwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20, umesambaa hadi ndani ya msitu wa asili, na hondohondo ni miongoni mwa wasambazaji wake wakuu. Ndege huyohuyo hupanda pia miti ya asili yenye mbegu kubwa ambazo ndege wadogo hawawezi kuzimeza.

Ukiona tundu lililozibwa kwa tope, usipande wala usigonge shina. Keti mbali, andika saa ya kila safari na idadi ya matunda, kisha okota mbegu baada ya kinda kutoka.