Kompyuta Pepe: Tulikuwa Tunalipia Nini?

Mwaka 1999 kampuni changa ya Marekani, VMware, ilitoa programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani: Linux ndani ya Windows au kinyume chake, kila mmoja ukijiona una mashine yake, yaani kompyuta pepe. Programu ile iliuzwa, na ilistahili kuuzwa. Tangu Novemba 2024 mrithi wake, Workstation Pro, ni bure kwa mtu binafsi na kwa kampuni. Wengi huichukulia habari hiyo kama uamuzi wa kibiashara wa Broadcom, walioinunua VMware mwaka 2023. Mimi naona sababu kubwa zaidi imo ndani ya prosesa.

Prosesa za Intel zina ngazi za mamlaka. Mfumo endeshi hukaa ngazi ya juu, programu nyingine hukaa chini. Mfumo mgeni, yaani ule wa ndani, lazima uteremshwe, la sivyo utamnyang'anya mwenyeji, yaani ule wa nje, mashine. Kwenye mashine kubwa za IBM mbinu ilikuwa kumwacha mgeni atoe amri asiyoruhusiwa, prosesa iikatae, kisha programu msimamizi idake pale na kumfanyia mgeni alichotaka. Intel za wakati ule hazikukubali mbinu hiyo, kwa sababu baadhi ya amri zao hazikukataliwa.

Chukua amri iitwayo POPF. Mfumo endeshi huweza kuitumia kuzima na kuwasha vikatizo, yaani zile ishara za kibodi, saa na diski zinazoisimamisha prosesa ili ihudumie kifaa. Ikitolewa kutoka ngazi ya chini, prosesa hailalamiki. Inaruka sehemu ya vikatizo na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mgeni anaamini amevizima, kumbe bado viko wazi, na msimamizi hana habari. Mwaka 2000 watafiti John Scott Robin na Cynthia Irvine walihesabu amri 17 zenye kasoro ya aina hii kwenye Pentium.

VMware waliizunguka kasoro hiyo kwa kuisoma misimbo ya mfumo mgeni kabla haijatekelezwa, kipande baada ya kipande, wakiondoa amri za hatari na kuweka mbadala salama, kisha wakihifadhi kipande kilichotafsiriwa ili kisitafsiriwe tena. Programu za kawaida za mgeni ziliachwa ziende moja kwa moja kwenye prosesa, na ndiyo maana kasi haikupotea sana. Ni kazi ngumu mno, na mnunuzi wa leseni alikuwa analipia hiyo.

Kisha Intel wakaiziba kasoro wenyewe. Teknolojia ya VT-x iliingia sokoni mwishoni mwa 2005, AMD wakafuata 2006. Mwanzoni haikuwa ushindi wa wazi: wahandisi wa VMware walionyesha mwaka 2006 kwamba katika kazi nyingi tafsiri yao bado ilikuwa na kasi kuliko prosesa mpya. Lakini prosesa zilipoanza kusimamia pia kurasa za kumbukumbu za mgeni, ushindani ukaisha. Wakati huo programu huria za kazi hiyohiyo zilikuwa tayari zimeingia: Januari 2007 kampuni ya Ujerumani, innotek, ilitoa VirtualBox kama programu huria. Februari mwaka huohuo KVM, iliyoanzishwa na Avi Kivity, ikaingia ndani ya Linux yenyewe. VirtualBox 6.1, ya Desemba 2019, iliacha kabisa kuendesha wageni bila msaada wa prosesa.

Kwa hiyo, kwa kazi za nyumbani kama kujifunza Linux, kujaribu programu usiyoiamini au kutunza Windows ya zamani kwa ajili ya programu moja ya uhasibu, sioni sababu ya kulipa. Tofauti zilizobaki ziko pembeni. Workstation bado inashinda kwenye michoro ya 3D. VirtualBox ilisumbua kwenye USB: hadi toleo la 7.0 la mwaka 2022, flashi ndani ya mgeni ilikwenda kwa mwendo wa USB 1.1 mpaka uongeze kifurushi cha ziada. Kifurushi hicho bado kipo, na leseni yake ni bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu tu. Mwenye steshenari anayekitumia kazini anapaswa kulipia, hata kama VirtualBox yenyewe ni huria. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Workstation ni bure lakini si huria. Unahitaji akaunti ya Broadcom ili kuipakua, na aliyeifanya bure anaweza kubadili nia kesho. VirtualBox iko chini ya leseni ya GPL. Oracle, wamiliki wake wa sasa, wakiiacha, wengine wanaweza kuiendeleza. Kwa mtu anayetunza mafaili yake ndani ya kompyuta pepe kwa miaka, jambo hilo lina uzito kuliko michoro.

Mwenye Mac ya prosesa za Apple ndiye pekee ambaye ningemwelewa akilipia Parallels, inayoendesha Windows 11 ya ARM kwa idhini ya Microsoft. Hata yeye ajaribu kwanza UTM au Fusion ya VMware, zote za bure.

Na kabla ya kuilaumu programu yoyote kwa uzito, angalia mambo matatu. VT-x iwe imewashwa kwenye baiosi, maana kwenye mashine kadhaa huja imezimwa. Ukiona picha ya kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, Hyper-V, programu msimamizi ya Windows yenyewe, imeshika prosesa na mgeni wako anapita mlango wa nyuma; izime kama huihitaji. Kisha hesabu kumbukumbu: kwenye laptopu ya gigabaiti 4, mwenyeji na mgeni watabanana hata ukinunua leseni ya bei gani. Pesa ya leseni nunulia ramu.