Kabati Linalosubiri Giza

Kabati la vyombo vya wageni lina cheo chake katika sebule za Nakuru. Vikombe vilivyomo havinywewi chai, vipo vionekane. Ndiyo maana wapo mafundi wanaoyatilia makabati hayo taa, na wachache kati yao, wale ninaowavulia kofia, hawaweki swichi hata moja. Giza likiingia, rafu zinawaka zenyewe.

Ufundi huu unaanzia kwenye mbao. Saiprasi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa hukatika vizuri na hunukia, lakini ikikaushwa harakaharaka hulipiza kisasi wakati wa kiangazi: hunywea, hupinda, na mlango uliofunga sawasawa wakati wa mvua unaacha mwanya. Kwa hiyo seremala mjuzi hagundishi ubao mpana wa mlango. Huuchomeka katika mifereji ya fremu na kuuacha uwe na nafasi ya kutanuka na kunywea. Waya wa taa unaopita humo nao sharti ulegezwe. Ukivutwa kama kamba ya kuanikia nguo, siku moja mbao zitaung'oa kwenye lehemu.

Kinachoziwasha taa bila swichi ni kihisi mwanga, kidude kidogo kuliko ukucha. Mwangani hupitisha umeme kwa urahisi, gizani huuzuia. Tabia hiyo aliitangaza Mwingereza Willoughby Smith mwaka 1873: alikuwa akitumia vipande vya seleniamu kupima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, navyo vikawa vinambadilishia vipimo kila vilipopata mwanga. Siku hizi kihisi hufuatana na transista. Chenyewe kikizuia umeme, transista hufungua njia, na volti 12 za betri huzifikia taa.

Kazi ngumu ni kukificha. Kiweke rafuni, kizione taa zake, nacho kitadhani kumekucha: kitazizima, giza lirudi, kiziwashe tena, na kabati lipepese usiku kucha. Dawa yake iko mikononi mwa seremala. Anatoboa tundu jembamba katika ubao wa juu, ulioelekea dirishani, lenye kina cha kutosha ili kihisi kione mwanga wa nje tu. Kisha analichongea petali pande zote, tundu likawa kitovu cha ua. Hapo nakshi ina kazi ya kufanya, na mgeni anayelisifu ua hajui kwamba linamtazama. Masanduku ya Zanzibar nayo yalikuwa na droo za siri nyuma ya urembo wa misumari ya shaba. Ujanja huu una ukoo mrefu.

Mtu atauliza: kwa nini fundi asiweke saa ya kuziwasha taa? Hapa karibu na ikweta jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Ni kweli, ila saa haijui masika. Aprili, mawingu yakijikusanya juu ya Menengai saa kumi alasiri, sebule hugeuka kiza, na kabati huwaka kabla hata mwenye nyumba hajaanua nguo.

Kifuniko cha nyuma hufungwa kwa skrubu, na kwa ndani fundi huandika kwa penseli waya upi ni chanya, upi hasi. Wapo wanaogundisha kila kitu ili kazi ionekane safi. Hao siwahesabu. Taa moja ikifa, mwenye kabati hana budi kulivunja.