Picha si Pambo: Uhakiki wa Vigezo vya Uamuzi katika Mashindano ya Hadithi na Michoro ya Watoto

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna miswada ya hadithi zenye michoro inavyopimwa katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili kwa ajili ya watoto, hususan katika nchi ambazo Kiswahili sanifu si lugha ya nyumbani ya waandishi wengi. Inadaiwa kwamba vigezo vinavyotumika vimerithiwa kutoka katika usahihishaji wa insha shuleni, na kwamba kwa sababu hiyo huadhibu kasoro ambazo mhariri angeweza kuzirekebisha kwa muda mfupi huku vikipuuza sifa ambazo hakuna mhariri anayeweza kuziongeza. Hoja hii inajengwa juu ya mswada mmoja ambao jopo la waamuzi, mwandishi wa makala haya akiwamo, liliukataa kimakosa. Mwishoni mapendekezo yanatolewa kwa waandaaji wa mashindano na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2022. Maamuzi haya yote yana sharti moja ambalo halikuandikwa popote: pawepo vitabu ambavyo mtoto wa miaka sita au saba atataka kuvisoma kabla hajalazimishwa.

Vitabu hivyo havina budi kutoka mahali fulani. Tanzania iliwahi kutambua hitaji hili mapema, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ni ushahidi. Katika nchi jirani njia inayopendwa zaidi na wafadhili na wizara ni mashindano. Tangazo hutolewa, miswada hukusanywa, waamuzi huketi, washindi huchapishwa. Ni njia nafuu na ya haraka. Lakini ina maana kwamba watu watatu au watano walioketi chumbani kwa siku mbili ndio wanaoamua watoto wa eneo zima watasoma nini. Ilhali riwaya na mashairi yanayoshinda tuzo huhakikiwa tena na tena, uamuzi wenyewe, yaani kitendo cha kuchagua, hauhakikiwi. Makala haya yanajaribu kuuhakiki.

2.0 Karatasi ya alama na asili yake

Katika mashindano moja ya kikanda, ambayo jina lake halitatajwa, mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa waamuzi watano. Tulikabidhiwa karatasi ya alama iliyogawanywa hivi: lugha sanifu alama 30, funzo 25, kisa na muundo 20, ubunifu 15, michoro 10. Hakuna aliyehoji mgawanyo huo. Wanne kati yetu tulikuwa walimu wa Kiswahili, na tuliutambua mara moja: ulikuwa mwongozo wa kusahihishia insha, uliobandikwa kipengele cha michoro mwishoni.

Mgawanyo wa namna hii si wa bure. Una nadharia ndani yake, hata kama aliyeuandika hakuitaja. Kwanza, unachukulia kwamba hadithi imo katika maneno, na picha huja baadaye kuipamba. Pili, unachukulia kwamba funzo ni sehemu inayoweza kukatwa na kupimwa peke yake. Tatu, unachukulia kwamba mswada ni kazi iliyokamilika, si kazi iliyo njiani kuelekea kwa mhariri.

Dhana ya kwanza ilikwisha kupingwa kitambo na wataalamu wa kitabu cha picha. Perry Nodelman, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alionyesha kwamba picha katika vitabu hivi husimulia kwa namna ambayo maneno hayawezi. Maria Nikolajeva na Carole Scott, mwaka 2001, walikwenda mbele zaidi na kuainisha uhusiano wa picha na maneno: vinaweza kusema jambo lilelile, vinaweza kukamilishana, na vinaweza hata kukinzana, ambapo maana huzaliwa katika pengo lililoachwa kati yake. Kwa mtazamo huu, kutoa alama za maneno kwanza na za picha baadaye ni sawa na kumpima mwimbaji kwa kusoma maneno ya wimbo wake.

3.0 Mswada wa darajani

Miongoni mwa miswada tuliyoipokea ulikuwamo mmoja kutoka mashariki mwa Kongo. Baadhi ya maelezo yamebadilishwa hapa ili mwenyewe asitambulike. Maneno yake yalikuwa machache mno. Kaka na dada wanasoma shule moja, mmoja asubuhi, mwingine alasiri. Kila mchana wanakutana darajani. Wanasalimiana, wanataniana, kila mmoja anaendelea na njia yake. Siku ya mtihani wanatakiwa kufika wote asubuhi. Usiku mama hakulala. Asubuhi wanavuka daraja pamoja. Hadithi imekwisha.

Mmoja wetu aliandika pembeni: "Hakuna kisa. Watoto wanakutana tu." Nami niliandika jambo linalofanana na hilo.

Jambo ambalo hatukuliona ni sweta. Katika michoro, watoto hawa wana sweta moja la shule, la buluu, na eneo lao ni la milimani, lenye baridi. Kila wanapokutana darajani, sweta linahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Maneno hayalitaji hata mara moja. Usiku ambao mama hakulala, picha inamwonyesha ameketi karibu na taa, na mkasi uko mapajani. Katika picha ya mwisho watoto wanavuka daraja wakiwa wamevaa kila mmoja nusu ya sweta, nusu nyingine ikiwa imeungwa kwa kitambaa cha rangi ya kitenge cha mama.

Hatukuliona kwa sababu waandaaji, kwa nia njema ya kubana matumizi, walitugawia nakala za fotokopi zisizo na rangi. Buluu iligeuka kijivu, na kijivu kilikuwa rangi ya kila kitu: daraja, mto, nguo, anga. Nakala asilia niliiona wiki kadhaa baadaye, matokeo yakiwa yamekwisha kutangazwa, nilipokuwa nikisaidia kupanga miswada ya kurudishwa kwa wenyewe. Wastani wetu kwa kazi hiyo ulikuwa alama 45. Michoro ilikuwa imepewa 8 kati ya 10. Hata tungeipa 10 kamili, jumla ingekuwa 47, wakati mshindi alikuwa na 81.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha uhakiki huu. Ni rahisi kuilaumu mashine ya fotokopi. Lakini hata kama tungeziona rangi, karatasi ya alama isingetupa mahali pa kuandika kwamba kisa chote kimo katika picha. Tungelazimika kuandika "michoro mizuri sana", tuongeze alama mbili, na kuendelea. Kosa la vifaa lilificha kosa la nadharia.

Si kwamba dunia haina mifano ya kujifunzia. Maonyesho ya michoro ya vitabu vya watoto ya Bratislava, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 1967, hupima michoro asilia. Medali ya Caldecott ya Marekani, iliyoanza kutolewa mwaka 1938, humtuza mchoraji. Tuzo ya Hans Christian Andersen ilianza na waandishi mwaka 1956 na ikawaongeza wachoraji mwaka 1966. Barani kwetu, Tuzo ya Golden Baobab iliyoanzishwa Ghana mwaka 2008 ina kipengele cha wachoraji. Utaratibu wa kuwatenga wachoraji na waandishi umewapa wachoraji heshima waliyostahili, na ni hatua. Hata hivyo hautoshi kwa mswada kama wa darajani, ambao mwandishi na mchoraji ni mtu mmoja na hadithi haimo kwake katika upande wowote ukiutazama peke yake.

4.0 Kosa la lugha au sauti ya mhusika?

Kasoro ya pili inahusu zile alama 30. Mswada wa darajani ulipata 13. Msimulizi wake alitumia Kiswahili sanifu, isipokuwa mahali pawili ambapo upatanisho wa ngeli uliyumba. Palipoharibika ni katika mazungumzo. Watoto wale walizungumza kama watoto wa Kivu wazungumzavyo: "batoto banatungojea", si "watoto wanatungojea". Kila kiambishi hicho kilipotokea, tulikata alama. Kilitokea mara saba, tukahesabu makosa saba.

Hapa pana matatizo mawili. La kwanza ni la kihesabu. Kanuni moja ikirudiwa mara saba ni jambo moja, na mhariri angelishughulikia kwa uamuzi mmoja. La pili ni la haki. Mwandishi wa pwani akimpa bibi mazungumzo ya Kimvita au Kiamu, wahakiki husifu ladha ya lahaja na uhalisi wa mhusika. Mwandishi wa Bukavu akifanya vivyo hivyo, huambiwa hajui lugha. Ilhali kiambishi ba- katika Kiswahili cha huko hakitokei kiholela. Kina utaratibu wake, na wasemaji wake ni wengi. Kama lahaja moja ni utajiri na nyingine ni kosa, basi kinachopimwa ni umbali wa mwandishi kutoka baharini, si umahiri wake.

Hoja ya upande wa pili ina uzito na haifai kupuuzwa. Mtoto wa Mbarara au Gitega ambaye hukutana na Kiswahili darasani tu anahitaji mfano thabiti. Kitabu kitakachochanganya "wa-" na "ba-" bila mpango kitamkanganya, na mwalimu wake, ambaye pengine naye anajifunza, atakosa la kumwambia. Hoja hii ni sahihi kwa sauti ya msimulizi. Haina nguvu ileile kwa mazungumzo, ambapo hata mtoto mdogo hung'amua kwamba watu huzungumza tofauti na kitabu. Zaidi ya hayo, ni hoja inayohusu kitabu kitakachochapishwa. Kati ya mswada na kitabu yupo mhariri. Ngeli iliyoyumba hunyooshwa kwa saa moja. Mama aliyeketi na mkasi mapajani hatungwi na mhariri.

5.0 Hadithi za watoto na hadithi kwa ajili ya watoto

Kasoro ya tatu ni ya mkanganyiko. Matangazo mengi hualika "hadithi za watoto" bila kueleza kama watoto ndio watungaji au ndio walengwa. Matokeo yake, mtoto wa miaka kumi hushindanishwa na mwalimu wake wa zamani kwa karatasi moja ya alama. Malengo ya aina hizi mbili ni tofauti kabisa. Shindano la watoto wanaotunga ni tendo la malezi: mshiriki anapaswa kuondoka akitaka kuandika tena. Shindano la watu wazima wanaowatungia watoto ni tendo la uchapishaji: msomaji anapaswa kupata kitabu bora.

Kipengele cha funzo huharibu yote mawili. Mtoto anapojua kwamba robo ya alama imo katika funzo, huandika aya ya mwisho inayomwonya msomaji juu ya uvivu, hata kama hadithi yake ilikuwa juu ya mbuzi aliyepotea. Mtu mzima naye hufanya hivyo hivyo kwa ustadi zaidi. Mshindi wetu wa alama 81 alikuwa na hadithi safi kisarufi, iliyomwadhibu mtoto mtukutu na kumtuza mtiifu. Hatukuwa na sababu ya kuikataa. Lakini sidhani kama kuna mtoto atakayeomba asomewe mara ya pili.

Na huko kusomewa mara ya pili ndicho kipimo ambacho hatukukitumia, kwa kuwa watoto hawakuwamo chumbani. Nchini Ufaransa, Tuzo ya Incorruptibles iliyoanza mwaka 1988 huamuliwa kwa kura za wasomaji wachanga wenyewe. Haimaanishi kwamba watoto waachiwe kila kitu. Inamaanisha kwamba ushahidi wao unapatikana, na sisi hatukuutafuta.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, mashindano ya watungaji watoto yatenganishwe na ya watu wazima, kila moja na vigezo vyake, na la watoto litoe maoni ya maandishi kwa kila mshiriki.

Pili, hadithi zenye michoro ziwasilishwe na kupimwa kama vitabu vya mfano, kwa rangi zake, kurasa zikifunuliwa kwa mpangilio wake. Mwamuzi aanze kwa kutazama picha pasipo kusoma, kisha asome pasipo kutazama, kisha afanye yote mawili, na aandike ni nini kilichoongezeka katika hatua ya tatu. Alama kubwa zaidi itokane na jibu hilo.

Tatu, katika lugha, kosa la kanuni moja lihesabiwe mara moja, na mazungumzo ya wahusika yapimwe kwa uthabiti na ufaafu wake, si kwa usanifu. Bajeti ya shindano itenge fedha za uhariri, ili mwamuzi asijigeuze mhariri kwa kukata alama.

Nne, kila jopo liwe na mchoraji mmoja angalau, na mtu anayekijua Kiswahili cha maeneo yanakotoka miswada.

Tano, miswada iliyofika fainali isomwe kwa sauti mbele ya watoto wa madarasa ya chini, na kumbukumbu ya usomaji huo iwekwe mezani kabla ya uamuzi.

Sita, ripoti ya waamuzi ichapishwe. Jopo linalojua kwamba sababu zake zitasomwa na wengine huzitafuta sababu kwa makini zaidi.

7.0 Hitimisho

Mapendekezo haya yana gharama: nakala za rangi, nauli ya mchoraji, siku moja zaidi ya kazi. Kwa waandaaji wenye fedha kidogo si jambo dogo. Lakini gharama ya kutofanya hivyo nayo ipo, ingawa haionekani kwenye hesabu za mwisho wa mwaka. Mswada wa darajani ulirudishwa kwa mwenyewe ukiwa na barua fupi ya shukrani, bila maelezo. Niliomba nimwandikie, nikaambiwa kwamba utaratibu hauruhusu waamuzi kuwasiliana na washiriki. Mwaka uliofuata nilialikwa tena kwenye jopo, nikapekua orodha ya washiriki kabla ya jambo lingine lolote. Jina lake halikuwamo.