Shujaa Anayekemewa: Utendi wa Mwindo na Riwaya ya Fantasia kwa Watoto

Mwandishi wa riwaya ya watoto aendapo kwenye ngano za kale, mara nyingi huziendea kama ghala. Huchota zimwi, kifaa cha ajabu na safari ya kuzimu, kisha hutoka akaviunga katika msuko wake mwenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa kilicho bora katika ghala hilo huachwa humo humo, nacho ni hukumu ambayo ngano humpa shujaa wake. Mfano wetu hauko mbali na Goma: unatoka Walikale, katika misitu ya Wanyanga.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, fanani Shé-Kárisi Rureke aliusimulia, akauimba na kuucheza utendi wa Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene waliunakili, ukachapishwa mwaka 1969 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Shemwindo, chifu wa Tubondo, amepiga marufuku kuzaliwa kwa mtoto wa kiume, kwa kuwa mahari huletwa na mabinti. Mwindo anazaliwa hata hivyo, hali anatembea na kusema, na usinga wake mkononi. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi kudai haki, na baba anapokimbilia kuzimu, mwana anamfuata huko. Shangazi anabaki juu ameshika ncha ya kamba. Ikitulia, atajua kwamba mpwa wake amekufa.

Hapa mtoto wa Goma ana faida kuliko msomaji wa mbali. Wanyanga huamini kwamba mizimu hukaa chini ya ardhi, katika matundu ya milima ya moto. Aliyeiona Nyiragongo ikitapika mwaka 2002 au 2021 hahitaji kuelezwa kuzimu ni wapi. Ile tunayoiita fantasia, kwake ni jiografia iliyotiwa chumvi kidogo tu.

Lakini kiini cha utendi huu kipo baada ya ushindi. Baba na mwana wamekwisha kupatana na kugawana utawala. Mwindo anatamani nyama ya nguruwe mwitu, anawatuma Wambilikimo kuwinda, na joka Kirimu linawameza watatu. Mwindo analiua. Ngano nyingi zingeishia hapo kwa vigelegele. Rureke haishii hapo: joka hilo lilikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi, ambaye anamnyakua Mwindo hadi mbinguni. Huko anakaa mwaka mzima akiteswa na kukemewa na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, na anarudishwa duniani kwa sharti kwamba asiue tena mnyama yeyote. Sababu ya kuua alikuwa nayo, na ilikuwa sababu nzuri. Haikumwokoa.

Tulinganishe na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), kazi iliyosomwa sana shuleni, ambayo asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela. Humo nako kuna majini, mji wa mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Lugha yake ni ya kupigiwa mfano. Hata hivyo majina yamekwisha kuamua mambo kabla ya msuko kuanza: Adili ni mwadilifu, Hasidi na Mwivu ni wenye husuda. Dhambi inakaa kwa wengine, na shujaa anabaki na kazi ya kusamehe. Kwa riwaya ya mafunzo jambo hili linatosha. Kwa mtoto anayekua halitoshi, kwa sababu yeye si Adili, naye anajua. Mwindo ni mkarimu leo na mwenye majivuno kesho. Huyo ndiye mhusika wa riwaya.

Mwaka 2008 Mmarekani Aaron Shepard alitoa masimulizi ya watoto yenye jina The Magic Flyswatter, na katika kichwa kidogo akauita utendi huu hadithi ya shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu. Kumfikisha Mwindo kwa watoto wa ng'ambo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, lakabu hiyo ni ya mashujaa wa vitabu vya picha vya Marekani, ambao kwa desturi hawaadhibiwi kwa kuliua joka.

Jambo hili lina uzito hapa kuliko kwingineko. Tangu vita vilipozuka Ntoto, Walikale, mwaka 1993, familia nyingi zimehamahama, na watoto wengi wamekua mbali na babu waliokuwa wakisimulia. Mtoto wa namna hiyo amewaona wenye silaha wengi wakisifiwa. Mkemewa hajamwona. Mwandishi wa Kiswahili atakayeifuta sura ya mbinguni kwa kuhofia kuwachosha wadogo atakuwa amempokonya kile asichoweza kukipata mahali pengine.

Swali la lugha linabaki. Kuna watakaotaka Kiswahili sanifu kitupu. Wengine watataka kile cha mitaani Goma, chenye batoto badala ya watoto. Kwa maoni yetu msimulizi atumie sanifu, na wahusika waseme kama watu wa hapa wasemavyo. Kinyanga nacho kisifutwe chote. Lakabu ya Mwindo, Kabutwakenda, maana yake ni kadogo kaliotembea mara tu kalipozaliwa, na sikio la Mswahili hulisikia "enda" lililomo bila mkalimani.