Breki Zilizokwisha Kuonja Moto

Kati ya Schwedenkreuz na Aremberg, kwenye barabara ya zamani ya mashindano ya Nürburgring nchini Ujerumani, gari huvuka kilele kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa, na papo hapo dereva hana budi kukandamiza breki ili kona ya kulia isimtupe nje. Gari la kilo 1,400 likishushwa kutoka kasi ya 200 hadi 80, joto linalozaliwa katika sekunde hizo chache lingetosha kuchemsha zaidi ya lita tano za maji ya bomba. Karibu lote hupokewa na diski nne za chuma. Na mzunguko mzima ni kilomita 20.8, wenye kona nyingine nyingi zinazodai haki yao.

Namsifu mtu apigaye magoti kando ya gurudumu kabla ya siku ya mashindano na baada yake, anayeandaa pedi na diski na kuzitunza hadi zirudi tena kazini. Ustadi wake naupima zaidi kwa vifaa vilivyotumika kuliko kwa vipya. Pedi mpya kutoka kwenye boksi haijathibitisha lolote. Ikikutana na joto kali kwa mara ya kwanza, gundi iliyoshikanisha nyama yake hutoa gesi, gesi ikaingia kati ya pedi na diski, na dereva akakuta kanyagio gumu chini ya mguu huku gari likiendelea kuteleza mbele.

Ndiyo maana kuna kazi ya kuoanisha pedi na diski. Barabara ikiwa tupu, gari hupunguzwa mwendo kutoka kilomita 100 hivi hadi 20, mara kadhaa, kila mara kwa nguvu kidogo zaidi, bila kusimama kabisa. Kisha huendeshwa polepole, breki zisiguswe, hadi upepo uzipoze. Pedi huacha utando mwembamba juu ya uso wa diski, na kuanzia hapo utando huo ndio unaosuguana na pedi. Ukifanikiwa, diski hubeba kijivu chenye samawati kidogo, kimeenea sawasawa bila doa. Mimi huutazama uso huo kwa furaha ileile ambayo wengine huipata kwa rangi ya gari.

Asiye na subira hujulikana hapa. Akisimama na mguu bado uko kwenye breki za moto, pedi hujichapa mahali pamoja, na safari inayofuata usukani unatetemeka. Gereji nyingi zitamwambia diski imepinda. Carroll Smith, mhandisi wa magari ya mashindano wa Marekani aliyefariki mwaka 2003, alishikilia kwamba mara nyingi kinachotetemesha ni nyama ya pedi iliyoganda bila usawa. Doa likiachwa, hupata moto kuliko sehemu nyingine, hadi chuma chenyewe kibadilike kuwa simentaiti, ngumu mno, na hapo msasa hauna tena la kufanya. Likiwahiwa, huondoka. Smith alipendekeza msasa wa ganeti, kwa sababu chembe za oksidi ya alumini hubaki zimejichimbia katika chuma.

Msasa huohuo huhitajika mtu anapobadili pedi za barabarani kuweka za mashindano. Aina mbili za pedi zina tando mbili zisizopatana, na busara ni kusafisha diski kwanza au, bora zaidi, kila aina ya pedi iwe na diski zake.

Jioni, breki zikishapoa, ndipo napenda zaidi kuitazama kazi hii. Kila pedi hutolewa na kuandikwa mgongoni: mbele kushoto, ya ndani, mbele kulia, ya nje. Hupimwa pembe zote nne, maana upande unaokutana kwanza na diski huwahi kuisha, na pedi iliyochongeka hivyo yaweza kubadilishana nafasi na mwenzake ili ulaji usawazike. Diski hupimwa kwa maikromita dhidi ya kipimo cha chini kilichochongwa juu yake. Nyufa nyembamba kama unywele huvumiliwa. Ufa unaonasa ukucha, au uliofika ukingoni, ndio mwisho wa diski hiyo, hata iwe nene kiasi gani. Hapa sioni nafasi ya kubana matumizi. Pedi iliyobaki nyembamba nayo haipelekwi tena kwenye mashindano, kwani hupitisha joto upesi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yaliyokwisha kunyonya unyevu yanaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 155 tu, na yakichemka kanyagio huzama hadi sakafuni.

Lakini pedi hiyo haitupwi mara moja. Diski mpya zikifika, hiyo ndiyo huwekwa kuzipasha moto wa kwanza na kuzipaka utando wao, kwa mwendo wa kiasi, mradi nyama iliyobaki yatosha na ni ya aina ileile. Na pedi mpya hufungwa kwanza kwenye diski za zamani zilizo salama, zikatoa gesi yao huko, zikapoa, zikaandikwa migongoni na kuwekwa kabatini, tayari kwa Aremberg.